Mintarafu ya Mguso wa Piano za Kidijitali

Hakuna lawama inayosikika mara nyingi baina ya wapigaji wa piano za kidijitali kuliko ile ya mguso, na ajabu yake ni kuwa lawama hiyo huja na nyuso mbili zinazopingana: huyu hulalamika kwamba ala yake ni nzito, kwamba analazimika kutumia nguvu za mabega ili apate sauti ambayo katika piano ya nyuzi angeipata kwa vidole tu; na yule, akiketi mbele ya ala iyo hiyo, hulalamika kwamba inapiga kelele, kwamba kila alipotaka kunong'ona yenyewe imemtangaza. Wote wawili hufungua menyu, wakakuta pahala palipoandikwa mguso mwepesi, wa wastani na mzito, wakageuza, wakaona nafuu ya siku mbili tatu, kisha lawama ikarejea palepale ilipokuwa. Yafaa basi kulitazama suala hili lote kwa utulivu, tangu kibonyezo kinapoanza kushuka hata sauti inapolifikia sikio, ili ibainike ni kipi hasa kinachogeuka tunapogeuza mguso, na ni kipi kisichoweza kugeuka kamwe kwa njia hiyo.

La kwanza la kubainisha ni kwamba uzito wa kibonyezo haugeuki. Ipo dhana, na wauzaji hawafanyi bidii kubwa ya kuiondoa, kwamba mtu akichagua mguso mzito basi ndani ya ala kuna kitu kinachokazwa, na akichagua mwepesi kuna kitu kinacholegezwa. Lakini uzito huo, ambao katika piano iliyotengenezwa vizuri huwa takriban gramu 50 za kukifanya kibonyezo kianze kushuka, zaidi kidogo upande wa sauti nene na pungufu kidogo upande wa sauti nyembamba, umekwisha kuamuliwa kiwandani kwa vyuma na nyundo bandia zilizofichwa chini ya ubao, na hakuna menyu iwezayo kuufikia. Kinachogeuka ni hukumu inayotolewa juu ya pigo: pigo lililokuwa likihesabiwa kuwa la wastani sasa litahesabiwa kuwa dogo, au kubwa. Walakini mkono hudanganyika kwa wepesi, na usipojibiwa kwa sauti uliyoitarajia huapa kwamba kibonyezo chenyewe kimekuwa kizito. Na udanganyifu huo una nguvu hata mtu anayeijua siri yake haepukani nao.

Ili kuifahamu hukumu hiyo yatupasa kurudi nyuma kidogo. Kabla ya piano, nyumba za Ulaya zilikuwa na hapsikodi, ambayo huudonoa uzi, na uzi ukidonolewa kwa nguvu au kwa upole ukubwa wa sauti yake hautofautiani kwa kadiri ya kutajika. Na zilikuwa na klavikodi, inayowatii sana vidole lakini yenye sauti ndogo isiyoweza kuujaza ukumbi. Aliyetoka katika shida hiyo ni Bartolomeo Cristofori, fundi aliyezaliwa Padova akautumikia ukoo wa Medici katika mji wa Firenze, ambaye ala yake imetajwa katika orodha ya mali za ukoo huo ya mwaka 1700; zimesalia piano zake tatu tu, na iliyo kongwe, ya mwaka 1720, imehifadhiwa New York katika Metropolitan Museum. Alichokibuni Cristofori si nyundo peke yake, kwa kuwa kupiga uzi kwa kitu kigumu ni jambo la kale, bali ni ule utaratibu wa kuiachia nyundo kabla haijaufikia uzi, ili imalizie safari yake peke yake, ipige, na irudi bila ya kuuzima uzi ilioupiga.

Na hapo ndipo lilipo jambo kubwa kuliko yote katika habari hii. Maadam nyundo huachiwa kabla ya kupiga, kidole hakina tena amri juu yake katika ile nukta ya mwisho. Kibonyezo kimeshuka kiasi cha milimita 10, nyundo imesafiri kiasi cha milimita 45, yaani imekwenda kwa kasi iliyo karibu mara tano ya kasi ya kidole, na hiyo kasi ndiyo habari pekee ambayo uzi unapokea kutoka kwa mpigaji. Haujui kama kidole kilikuwa kimekunjwa au kimenyooka, wala kama mpigaji alikuwa na huzuni. Wapiga piano wakubwa wamelibishia jambo hili kwa karne nzima, na ni kweli kwamba kishindo cha kidole juu ya kibonyezo na cha kibonyezo juu ya kitako chake nacho husikika na kuchanganyika na sauti. Illa kiini cha mambo ni kasi, na waliounda piano za kidijitali walifanya insafu walipoamua kuipima hiyo kabla ya kitu kingine chochote.

Fauka ya hayo, hata piano za nyuzi hazikuwahi kuwa na mguso mmoja. Mapema katika karne ya kumi na tisa piano za Vienna zilikuwa na vibonyezo vyepesi vyenye kina kifupi, na za Uingereza zilikuwa nzito na zenye kina, hata Johann Nepomuk Hummel, katika kitabu chake kikubwa cha mafunzo ya piano cha mwaka 1828, akaona haja ya kuzilinganisha aina hizo mbili na kumpa mpigaji nasaha ya kila moja. Miaka michache kabla yake, mwaka 1821, akina Érard walikuwa wamepata hataza ya utaratibu wa kuiwezesha nyundo ipige tena kabla kibonyezo hakijapanda hadi juu, na piano kubwa za leo zinafuata njia hiyo. Basi anayesema anataka mguso wa piano halisi ajiulize kwanza ni piano gani, ya fundi gani, iliyorekebishwa lini. Maana piano mbili za karakana moja, zikikaa katika nyumba mbili, moja yenye unyevu na moja kavu, huwa na tabia mbalimbali baada ya mwaka.

Sasa tuiangalie ala ya kidijitali. Chini ya kila kibonyezo, aghalabu, mna vikombe vidogo vya mpira vyenye kaboni, navyo ni swichi mbili: moja hufunga kibonyezo kikiwa njiani, ya pili hufunga karibu na mwisho wa safari. Kompyuta iliyomo ndani huhesabu muda uliopita baina ya kufunga kwa ile na kufunga kwa hii, na katika muda huo hukisia kasi. Haipimi nguvu, wala uzito, wala mkandamizo. Hupima muda tu. Pigo la polepole huchukua makumi ya milisekunde, pigo kali huchukua chache sana, na kwa kuwa kasi ni umbali uliogawanywa kwa muda, hapa huzuka hitilafu ambayo wachache wanaiangalia: iwapo ala, mathalani, inazikagua swichi zake mara moja kila milisekunde, basi baina ya pigo la milisekunde 60 na la 61 hakuna tofauti ya kusikika, lakini baina ya pigo la milisekunde 2 na la 3 kasi imepungua kwa thuluthi nzima na hakuna daraja katikati. Yaani ala ya namna hiyo husikia vizuri mnong'ono na husikia vibaya kishindo. Ala nzuri hukagua kwa haraka zaidi kuliko hivyo, na nyingi za siku hizi zimeongezwa swichi ya tatu, ambayo kazi yake hasa ni kufanya kile walichokifanya akina Érard: kuruhusu sauti irudiwe bila kibonyezo kupanda chote.

Muda ukishahesabiwa hugeuzwa kuwa namba. Namba hizo ziliafikiwa na watengenezaji katika lugha ya ala za umeme iitwayo MIDI, iliyoonyeshwa hadharani Januari 1983 katika maonyesho ya NAMM huko California, pale Prophet-600 ya Sequential Circuits ilipounganishwa na Jupiter-6 ya Roland zikazungumza. Kasi ya pigo ilipewa daraja kuanzia 0 hadi 127, na kwa kuwa sifuri ilitwaliwa kuwa alama ya sauti kukoma, zilibaki daraja 127 za kumwelezea mpigaji wote, kutoka pumzi yake hadi hasira yake. Na ala isiyoweza kupima kasi iliagizwa ipeleke 64 daima. Daraja hizi hazikuwa na kipimo cha nje: hakuna palipoandikwa kwamba 80 ni kasi ya kiasi fulani cha mita kwa sekunde. Kila mtengenezaji alijipimia, na DX7 ya Yamaha, iliyotoka mwaka uo huo, ilijulikana kwa jinsi ilivyokuwa vigumu kuifikisha kileleni mwa 127. Ndiyo maana mtu huweza kuunganisha kibodi ya kampuni moja na chombo cha sauti cha kampuni nyingine, akapiga vilevile anavyopiga kila siku, na ikasikika kana kwamba mkono ni wa mtu mwingine.

Mguso tunaougeuza katika menyu ni jedwali linaloketi baina ya namba iliyopimwa na namba itakayosikika. Likichorwa kwenye karatasi, jedwali la wastani ni mstari ulionyooka au unaokaribia kunyooka. La mwepesi ni mstari uliopinda kwenda juu. La mzito ni mstari uliopinda kwenda chini. Tuchukue mfano wa hesabu, si kwa kuwa watengenezaji wote hutumia hesabu hii, bali kwa kuwa umbo lake ni la namna moja na yao. Tuseme mguso mwepesi hufuata kipeuo cha pili, yaani ile njia ya kutafuta mzizi, na mzito hufuata mraba. Pigo lililopimwa 64, lililo nusu ya njia, katika mwepesi litasikika kama 90, na katika mzito kama 32. Pigo la 32 litakuwa 64 katika mwepesi, na 8 tu katika mzito. Tofauti si ndogo. Mpigaji yule yule, kwa mkono ule ule, ameamkia upande mmoja akiwa na sauti ya kujaza ukumbi na upande wa pili akiwa hasikiki.

Lakini kila jedwali lina gharama yake, na gharama hii haiandikwi katika vijitabu vya maelekezo. Katika mfano wetu wa mwepesi, pigo la 1 linakuwa 11 na pigo la 2 linakuwa 16: daraja zote zilizo baina yake zimetoweka, na mnong'ono sasa una ngazi zilizong'oka vipandio. Juu nako, daraja 64 za mapigo makubwa, kutoka 64 hadi 127, zimebanwa ndani ya nafasi 38. Katika mzito hali ni kinyume chake: daraja 11 za mwanzo zote hazifiki moja kamili, yaani mpigaji mpole hulipwa ukimya, ilhali mapigo makubwa yametawanywa kwa masafa marefu. Hasara hii huwa kubwa pale jedwali linapofanya kazi juu ya namba zilizokwisha kukatwa kuwa 127, kama ilivyo kawaida katika programu za kompyuta. Jedwali lililomo ndani ya piano yenyewe huweza kufanya kazi juu ya muda wenyewe kabla haujakatwa, na hapo hasara hupungua. Kwa hiyo, pale mtu anapoweza kuchagua, rai yangu ni ageuze ndani ya ala na auache mstari wa programu ukiwa umenyooka, wala asigeuze pahala pawili kwa pamoja, maana jedwali juu ya jedwali ni fumbo ambalo hata aliyelifunga hatalifungua.

Majina nayo yanataka uangalifu. Ala nyingi za Yamaha huwa na mguso laini, wa kati, mgumu na usiobadilika. Casio hutaja namba. Roland na Kawai huongeza daraja za kupita kiasi pande zote mbili, na Kawai katika piano zake kadhaa humruhusu mpigaji apige kwa upole kisha kwa nguvu ili ala yenyewe imchoree jedwali la mkono wake. Programu ya Pianoteq, kazi ya kampuni ya Modartt ya Ufaransa, nayo huweza kumwongoza mpigaji kwa njia kama hiyo. Wastani wa kampuni moja si wastani wa nyingine, na nasaha ya rafiki kwamba "weka namba mbili" haina thamani ila kwa mwenye ala kama yake.

Jambo jingine linalosahaulika ni kwamba namba ya pigo haiamui ukubwa wa sauti peke yake. Katika piano ya nyuzi, ile sufu iliyoshindiliwa kichwani mwa nyundo hujikaza kila inapopiga kwa kasi zaidi, na sauti hutoka si kubwa tu bali ng'avu, yenye makali. Ndiyo maana piano iliyorekodiwa ikipigwa kwa nguvu, hata ukipunguza sauti ya redio, sikio hutambua kuwa ilipigwa kwa nguvu. Waundaji wa piano za kidijitali hurekodi kila sauti katika tabaka kadhaa, za upole, za kati na za nguvu, na namba ya pigo ndiyo inayochagua tabaka. Aliyeweka mguso mwepesi kupita kiasi basi hakujipatia sauti kubwa tu. Amejifungia katika tabaka za makali, na akipunguza sauti kwa kitasa atakuwa na kelele ndogo badala ya upole. Na aliyeweka mzito kupita kiasi huishi katika tabaka za chini, akalaumu ala kwamba sauti yake imefifia kama iliyofunikwa blanketi.

Na hapa pana hukumu ambayo ningependa isikike kuliko zote: aghalabu ya malalamiko ya mguso ni malalamiko ya sauti. Piano ya nyuzi katika chumba cha kawaida ni ala yenye kishindo. Mtu anayepiga ya kidijitali usiku, hedifoni masikioni na sauti imeteremshwa ili majirani wasisumbuke au masikio yasichoke, anaomba kwa mkono kile alichokizuia kwa kitasa, na mkono hauna budi kuongeza nguvu mpaka viwiko viume. Mguso ukigeuzwa kuwa mwepesi katika hali hiyo, yamkini tatizo litaonekana limeisha, hata asubuhi atakapofungua spika mbele ya watu na kila sauti ikatoka kama imepigwa kwa ngumi. Kwanza irekebishwe sauti, ifikie kadiri ya piano ya kweli katika chumba hicho. Ndipo mguso uguswe, ukianzia wastani. Kisha uhakiki uanzie chini, si juu: ipigwe skeli ya polepole kwa upole wa mwisho mkono uwezavyo, na isikilizwe kama zipo sauti zinazotoweka au zinazoruka. Zikitoweka nyingi, mguso ni mzito mno kwa mkono huo. Zisipotoweka kamwe, hata kidole kikiteleza kwa uzembe, ni mwepesi mno. Wengi hupima kwa kupiga kwa nguvu, kwa kuwa nguvu hufurahisha dukani, illa mkono hutumia muda wake mwingi katika mapigo ya chini na ya kati, na huko ndiko jedwali baya linakomuumiza mtu.

Mguso usiobadilika, ambao kila pigo hutoa sauti ya kadiri moja, hudharauliwa na walimu, nami sioni haki katika dharau hiyo. Ogani haijali kidole kimeshuka vipi. Sauti yake hutoka kwa upepo. Akodiani ukubwa wa sauti yake umo katika mivukuto. Katika taarabu ya kisasa, ambako kinanda cha umeme kimechukua mara nyingi sehemu zilizokuwa za akodiani, fidla na kanuni, mpigaji anayetumia sauti ya akodiani au ya fidla ana sababu njema ya kuufunga mguso na kuuacha mguu, juu ya kanyagio la sauti, ufanye kazi iliyokuwa ya mivukuto na ya upinde. Lakini akihamia sauti ya kanuni, ambayo hudonolewa na humtii mdonoaji, afadhali aufungue tena. Hali kadhalika wapiga vinanda wa kwaya zetu, ambao wengi wao wamelelewa na ogani au kinanda cha mivukuto, na wakawa hodari kweli wa kuunganisha sauti bila kuacha mwanya: wakikalishwa mbele ya piano, kidole cha nne ambacho miaka yote hakikuwa na aibu kwa udhaifu wake hubainika mara moja, na kimbilio lao huwa ni kuufunga mguso. Kwa nyimbo zinazopigwa kwa sauti ya ogani hilo si kosa. Kwa sauti ya piano ni hasara, kwa kuwa piano isiyotofautisha pigo na pigo humchosha msikilizaji kabla ubeti wa pili haujaanza.

Lipo pia tatizo ambalo menyu haina dawa nalo, na watu wa pwani wanalijua zaidi kuliko wa bara. Unyevu wa chumvi na vumbi huingia katika vile vikombe vya mpira. Swichi ya kwanza ikichafuka, huchelewa kufunga. Muda baina yake na ya pili hupungua. Na kompyuta, isiyojua ila kuhesabu muda, hudhani kidole kimepita kwa kasi kubwa, ikapiga kelele. Ikichafuka ya pili, sauti hutoka hafifu au haitoki. Dalili yake ni kwamba kibonyezo kimoja kina tabia yake peke yake na majirani zake ni wazima. Hapo aitwe fundi wa kufungua ala, kufuta kaboni na mpira kwa spiriti safi ya aisopropili na kuondoa vumbi, wala mtu asipoteze wiki akigeuza jedwali la vibonyezo 88 kwa ajili ya hitilafu ya kimoja. Kitambaa juu ya ala, inapokuwa haipigwi, hugharimu kidogo kuliko fundi huyo.

Kuhusu wanafunzi, hasa watoto, rai zinagawanyika. Wapo wanaosema mtoto apewe mguso mwepesi ili asikate tamaa, na kwa mtoto mdogo wa miezi ya kwanza hoja hiyo ina uzito. Mimi huona kwamba anayejiandaa kupiga piano ya nyuzi, mathalani kijana wa Mombasa anayejifunza nyumbani kwa ala ya kidijitali ilhali ukumbi wa mtihani utakuwa na piano ya nyuzi, apewe wastani, au hata mzito kidogo, na aachwe nao bila kugeuzwa, kwa kuwa mkono hujifunza jedwali pasipo mwenyewe kujua, na mkono unaobadilishiwa jedwali kila wiki haujifunzi lolote. Mtu mzima mwenye maumivu ya viungo, au anayepiga kwa ajili ya kurekodi katika programu na hana safari ya kwenda kwenye piano ya nyuzi, hana deni hilo. Ala na imfuate yeye.

Mwaka 2020 MIDI ilipata sura mpya, ambayo ndani yake kasi ya pigo ina daraja 65,536 badala ya 127, na wapo waliotangaza kwamba suala la mguso limekwisha. Daraja hizo ni za habari inayosafirishwa, si za habari inayopimwa. Swichi za mpira zisizoweza kutofautisha milisekunde mbili na mbili na nusu hazitaweza zaidi kwa kuwa namba zimeongezeka. Na yapo mambo ambayo hayamo katika kasi kabisa. Katika kipande cha kwanza cha opasi 11 ya Arnold Schoenberg, ya mwaka 1909, mpigaji hutakiwa ashushe vibonyezo fulani bila kutoa sauti, ili nyuzi zake zikiwa huru ziitikie za jirani: piano ya nyuzi humruhusu, kwa kuwa nyundo iliyosukumwa polepole haifiki kwenye uzi. Baadhi ya piano za kidijitali zina mahali pa kuweka kadiri ya pigo dogo kabisa litakalotoa sauti, na mwenye nayo huweza kulijaribu hilo nyumbani. Nyingine, za bei nafuu hasa, hulia hata kibonyezo kikishushwa kwa upole wa namna gani, na hapo mguso mwepesi, wa wastani na mzito ni sawasawa.